Mpishi Aliyeustaafisha Mti

Mimi Mzaramo, yeye alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo lolote nitakalosema hapa juu yake nina ruhusa nalo. Haki hiyo tuliirithi. Enzi za misafara babu zake walishuka pwani na mizigo mabegani, wakafika kwetu wamepauka kwa vumbi, babu zangu wakawapa maji na kuwacheka miguu. Nao wakawacheka babu zangu kwa kulala mchana. Tangu hapo sisi ni watani. Mtani akikusema, huna ruhusa ya kukasirika. Akikuchukulia kuku uani, huna pa kushtaki. Nayasema haya mapema asije mtu akadhani namvunjia marehemu heshima. Nikimsifu bila kumcheka, huko aliko atanuna.

Kijijini Kwihara, nje ya Tabora, wote walimwita Mpishi. Katekista alimwita Mpishi, mkewe alimwita Mpishi, na wajukuu zake wakianguka walimlilia Babu Mpishi. Jina la ubatizo alikuwa nalo, ila alilitunza kwa ajili ya Jumapili. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea amenyoosha mgongo kana kwamba amebeba bakuli la supu lililojaa mpaka ukingoni. Aliwapikia mapadri wa misheni miaka na miaka, na jioni akirudi na baiskeli yake hakuivua aproni. Aliipitisha kijijini ikiwa nyeupe pe, watu waione. Siku ikichafuka aliikunja akaitia kikapuni, na siku hiyo alipita njia ya nyuma.

Nilihamia pale na mume wangu, dereva wa lori la pamba, wakati wa Mwingereza, vita ya Hitla imekwisha na nguo zimeanza kuonekana tena madukani Tabora. Uwanja wetu ulipakana na wa Mpishi. Katikati palikuwa na kifusi cha tembe la zamani lililoanguka, udongo mkavu na vijiwe vitupu, ambacho hakuna aliyekitaka. Siku ya kwanza nilimwamkia kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Watu wa wapi?"

"Wazaramo."

Akaegesha baiskeli polepole. "Basi chukua shikamoo yako," akasema. "Mtani hanipi shikamoo. Mtani ananipa maji."

Nikamwambia maji yako kisimani, akayabebe mwenyewe, yeye ndiye mpagazi. Alicheka hadi akaishika miti ya uzio. Kuanzia siku ile damu zetu zilipatana, na kuanzia wiki ile akaanza kunichukulia kuku.

Vyakula vya misheni sisi tulivijua kwa masimulizi yake. Alikuwa na namna ya kuusimulia mguu wa kondoo hata mtu aliyetoka kula akaona njaa. "Kwanza unaukanda kwa chumvi," alisema, mikono yake ikikanda hewa. "Kwa utaratibu. Unachomeka vitunguu saumu ndani, kimoja hapa, kimoja hapa. Halafu unatoka nje, unakata kitawi cha mti wangu, unakilaza juu, unafunika. Kwa utaratibu." Hilo la utaratibu lilikuwa neno lake. Mbuzi akizaa, kwa utaratibu. Watu wakizungumza habari za kudai uhuru, sawa, lakini kwa utaratibu. Mwenyewe sasa, baiskeli yake haikuwa na breki, na kila Jumapili aliingia kanisani padri akiwa katikati ya mahubiri, kwa kuwa shati lilikuwa halijanyooka vizuri.

Kituko kikubwa ni kwamba nyumbani hakupika kabisa. Mtu aliyeweza kuoka mkate ukapanda kama mto wa kulalia, kwake hakujua chumvi inakaa wapi. "Jikoni kwa Mama mimi mgeni," alisema, na Mama, yaani mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole na maneno makali, alisema mgeni gani huyo ambaye haagi. Alikula ugali wa mtama na majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, akasema chakula cha Wazungu kinapendeza kukipika, ila hakikai tumboni.

Mara moja Mama alishikwa na homa, nikaenda kumtazama. Mlango wa jiko umefungwa, moshi unatoka juu. Nikachungulia. Mpishi yumo, kavaa aproni, anakoroga uji huku ameinamia chungu kwa makini ya mtu anayesoma Injili. Aliponiona alitoka na mwiko mkononi.

"Ukisema, nakuchukulia mbuzi."

Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kimepata habari. Mbuzi wangu akamchukua kweli, na siku Mama alipopona mbuzi akachinjwa, na mimi nikawa wa kwanza kukaribishwa.

Sasa nije kwenye mti, maana bila mti mtu huyu hasimuliki.

Padri mmoja mzee ndiye aliyeuleta kutoka kwao, ng'ambo ya Misri huko, kwenye bahari yenye miamba. Kichaka tu, wala si mti wa kumwambia mtu. Majani membamba kama sindano, mgongo wa kijani na tumbo jeupe, vimaua vya buluu vidogo mno ambavyo nyuki huvifia. Ukilipitishia jani kidole, harufu inakaa mkononi mpaka kesho. Kuna kafuri humo, kuna ndimu, na kuna kitu kingine nisichokijua jina. Mapadri waliuita rozimari. Kijijini tuliuita mti wa Mpishi. Mbuzi waliunusa, wakaondoka.

Uliota nje ya jiko la misheni, juani, kwenye changarawe walipomwaga majivu. Kila siku Mpishi alitoka na kisu, akakata kitawi, akarudi ndani. Mwaka baada ya mwaka yeye akakata na mti ukachipua. Siku padri mzee alipoondoka kurudi kwao, alimwambia Mpishi habari za mti ule unakotoka. Alimwambia kule hakuna anayeumwagilia. Unakaa juu ya mawe, miezi mingi bila tone la mvua, upepo unaupiga, jua linauchoma, nao unachanua. Padri alikuwa anausifu. Mpishi alisikia yote, wala hakuna alilolikosea, lakini aliyasikia kwa moyo wake mwenyewe.

"Maskini," aliniambia. "Umekulia kwenye dhiki."

Alipofika umri wa kustaafu, mapadri walimwuliza angependa aagwe kwa kitu gani. Walitegemea ataje ng'ombe, au koti. Akautaja mti. Waliuchimba na udongo wake, wakaufunga kwa magunia, watu wawili wakaubeba kwenye mchi mrefu kutoka misheni mpaka Kwihara, na yeye mbele akiwaonyesha mashimo ya njia. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wakija kama wanaomleta mgonjwa. Nilimwuliza kama haoni haya: babu zake walibeba pembe za ndovu kwenye njia hii hii, na yeye anabeba kiungo cha mchuzi. Akaendelea tu kuwaonyesha mashimo. Nikajua jambo hili ni zito.

Aliupanda mbele ya mlango wake. Kisha akawaita watu, akawapa pombe ya mtama, akasimama na kutoa tangazo. Mti huu, alisema, umefanya kazi pamoja naye maisha yote. Umekatwa kila siku ya Mungu, hata Krismasi. Sasa yeye amestaafu, na mti nao umestaafu. Kuanzia leo asitokee mtu akaugusa kwa kisu. Utakaa, utakula, utapumzika. Watu wakapiga makofi. Mama akaniangalia, akainua nyusi.

Na moyoni alikuwa na jambo moja alilolitaka, nalo alilisema wazi kwa yeyote aliyekaa naye. Hakutaka mali, hakutaka hata kuuona huo uhuru. Alitaka mti ule umzike yeye. "Siku wakinitoa humu ndani," alisema, "nipite hapo mlangoni, wenyewe uwe umesimama, unanukia. Basi. Baada ya hapo wafanye watakavyo."

Basi akaanza kuutunza. Mwenzangu, Mnyamwezi akishika kazi unamjua. Asubuhi kabla hajaosha uso alikwenda kuuamkia, "Mwangaluka," kwa Kinyamwezi, maana alisema Kiswahili ni cha ofisini na mti sasa uko nyumbani. Kisha ndoo ya maji. Adhuhuri ndoo nyingine, kwa sababu ya jua. Jioni nyingine, kwa sababu mchana ulikuwa mkali. Alileta samadi kutoka zizini, akaurundikia mpaka kiunoni. Alileta udongo wa kichuguu, ule mwekundu wenye rutuba ambao sisi wengine tunaugombania kwa ajili ya mahindi, akautengenezea tuta lenye kingo, maji yasikimbie. Alipoona ukame umezidi, akausimamishia nguzo nne, akauezekea nyasi.

Mti wa jua, jamani, akauwekea paa.

"Mstaafu anakaa barazani," akasema. "Kwa nini wenyewe ukae juani?"

Nilimwambia, "Mtani, huo mti hata mimi sijawahi kupumzishwa hivyo." Akaniambia mimi tangu nizaliwe sijafanya kazi, nitapumzishwa kwa lipi. Kweli alinipata hapo. Bustani yangu ilikuwa maarufu kwa magugu.

Kuhusu mti alikuwa mchoyo kwa namna ya kutia aibu. Na si kwamba alikuwa mtu wa mikono ya birika. Kwenye mambo mengine alitoa hata asichokuwa nacho. Mgeni alilala kwake, mpita njia alikula kwake, shati lake la pili alimpa mtu aliyeunguliwa nyumba. Lakini jani la mti ule, hata uwe unakufa. Bi Mkubwa wa dukani, mama mmoja wa Kiarabu wa mjini Tabora ambaye wazee wake walikuja na biashara zamani, aliwahi kuja mpaka Kwihara kwa gari kuomba kitawi kimoja achemshe kwa ajili ya kifua. Mpishi alimpa kuku, akampa mayai, akampa asali ya msituni kibuyu kizima. Kitawi akamnyima.

"Bi Mkubwa nisamehe," akasema. "Umestaafu."

Bi Mkubwa alipita kwangu akicheka na kukohoa. Aliutazama ule mti kwa mbali, akaniambia, "Unaumwa ule." Nikamwuliza kwa nini. Akasema kwao walikuwa na wigo wa mihina, na mhina usipokatwa unageuka kuni. "Hii mingine Mungu kaiumba ikatwe," akasema. "Mwambie mzee wenu."

Nilimwambia. Alinijibu kwamba Bi Mkubwa amekasirika kunyimwa, hilo tu.

Lakini hata mimi nilikuwa nimeanza kuona. Matawi yalikuwa marefu, malegevu, yamelala pembeni yakitafuta jua nje ya paa. Katikati mti ulikuwa mtupu, vijiti vya kijivu, majani yamebaki nchani tu. Mwaka ule haukuchanua. Chini, maji yalikuwa yamesimama ndani ya tuta kama sahani ya mchuzi, na ukiinama unasikia uvundo. Mpishi naye aliona. Mtu haamkii kitu kila asubuhi asione kinavyokwenda. Ila dawa aliyoijua ilikuwa moja: akaongeza ndoo. Akawa hali chakula vizuri. Anakaa kwenye kiti chake karibu na mti, wote wawili chini ya kile kibanda, na mgongo wake ule ulionyooka ukaanza kupinda. Mama aliniambia kisimani, na siku hiyo hakuwa na maneno makali, "Ukifa huo mti, na huyu anaondoka nao."

Nikaamua. Mimi si mtu wa kupanga mambo, lakini siku ile nilipanga. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho. Nilichukua kisu changu cha samaki, nikavuka kifusi, nikafika mbele yake amekaa pale pale kitini, nikasema kwa sauti, "Mtani, nachukua." Nikaanza kukata. Nilikata nchani, pale palipobaki kijani, vitawi vya urefu wa shibiri, nikajaza upande wa kanga.

Alisimama. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi. Nilitegemea ataniita mwizi, mvivu, mla nazi, maneno yetu ya kila siku, na nilikuwa na majibu yake tayari. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake akaenda kunishtaki kwa mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji. Alivaa viatu. Mwanangwa akaketi sawasawa, akauliza nani kakata.

"Jirani yangu."

"Jirani gani?"

"Yule Mzaramo."

Mwanangwa, wanasema, alicheka mpaka mkewe akaja kuangalia kuna nini. Alimwambia Mpishi tangu dunia iumbwe hakuna Mnyamwezi aliyemshtaki Mzaramo kwa wizi, na hatakuwa yeye mwanangwa wa kwanza kusikiliza kesi hiyo. Akamwambia kama ana uchungu, aende akachukue kitu na yeye.

Hakuchukua. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwacha jogoo uani makusudi, mnono, amefungwa mguu. Siku zikapita, jogoo akawika. Mtani asipokulipiza, amekutoa kwenye utani, amekufanya mtu wa kawaida tu. Nikimwamkia, "Shikamoo," anaitikia "Marahaba" ya adabu kabisa, na inanichoma kuliko tusi. Nililia, sitaki kuficha. Nilimwambia mume wangu nimempoteza mzee kwa ajili ya majani.

Vile vitawi nilivichomeka kwenye debe bovu lenye matundu chini. Udongo nilizoa kwenye kifusi, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu na sikutaka kwenda mbali. Nikaviweka ukutani, nikavisahau. Vilikauka majani ya chini, vikakaa vivyo hivyo, havifi wala haviishi. Muda mfupi baadaye kazi ya malori ikahamia Igunga, kwenye pamba na mpunga, nasi tukapakia vyombo. Mama alikuja kutuaga na mfuko wa karanga, akanishika mikono. Mpishi alisimama kwake, upande wa pili wa kifusi, akapunga mkono mara moja, akageuka. Debe lilikwenda juu ya magodoro. Nilikuwa karibu kulitupa.

Igunga udongo wake mweusi, mvua ikinyesha unashika mguu haukuachii. Nyuma ya nyumba palikuwa na tuta la changarawe iliyobaki walipojenga, na pale juu nikalimwaga debe lile kwa kuwa nililihitaji kwa mambo mengine. Vitawi vikasimama. Nikaendelea na maisha. Baadaye siku moja nikiwa natafuta kuku, nikasikia ile harufu.

Miaka ilikwenda, na uhuru ulikuwa bado unasubiriwa. Kulikuwa na lori lililotoka Tabora likipitia kwetu, na abiria waliteremka kunywa maji dereva akitazama magurudumu. Nilikuwa nachambua mchele barazani nilipomwona mzee mrefu, mgongo umepinda, koti jeusi, fimbo, anashuka nyuma ya lori kwa kusaidiwa. Alikuwa anakwenda Ziba kwa binti yake. Hakujua kama naishi pale. Aliuliza maji nyumba ya kwanza aliyoiona.

Kabla sijamfikia alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kichwa juu, pua inatafuta. Hakunisalimu, hakungoja kukaribishwa. Alipita kando yangu, akazunguka nyumba, nami nikamfuata na ungo wangu mkononi.

Wigo ulianzia pembeni mwa nyumba mpaka chooni, unafika kiunoni, umejaa maua ya buluu, nyuki wanavuma. Mpishi akavua kofia. Akaupitishia mkono, akaunusa mkono.

"Unaumwagilia lini?" akauliza hatimaye, bila kugeuka.

"Mvua ikinyesha."

"Samadi?"

"Sina ng'ombe."

"Na palizi?"

"Mtani," nikamwambia, "mimi Mzaramo."

Alianza kucheka. Akacheka, akakohoa, akakaa juu ya jiwe, na alipofuta macho hayakukauka.

"Wangu ulikufa," akasema. "Mvua zile zilizofuata ninyi kuhama. Niliung'oa mwenyewe, mizizi imeoza, inanuka. Watu wakiniuliza, nawaambia umekwenda likizo kwao. Na Mama, Mungu ambariki, akawa anaitikia." Akaichimbachimba changarawe kwa fimbo. "Nikakaa nangoja zamu yangu. Mlangoni peupe."

"Pole, mtani."

"Wewe uliufanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Nimeukata. Nikipika samaki nakata, mtoto akikohoa nakata, jirani akitaka anakuja na kisu chake mwenyewe. Ukikatwa hapa unatokea pale, hata ukitaka kuumaliza haumaliziki.

Alitazama mti, akatazama mikono yake. "Kumbe haukutaka kupumzika," akasema. Na kwa sauti ndogo, "Hata mimi, kusema kweli, sikutaka."

Nilimwambia kuna mche mzima pembeni, wenye mizizi yake, nitamchimbia sasa hivi, nimfungie kwenye gunia. Akainuka kwa fimbo, akajinyoosha kadiri alivyoweza.

"Wewe siku ile uliniomba?"

"Sikuomba."

"Basi na wewe usinipe." Akanitazama, na jicho lilikuwa lile la zamani, la kunichukulia kuku. "Nenda kanipikie chai. Kwa utaratibu. Usiwe na haraka."

Nikaenda. Nilikuwa na chai ya asubuhi kwenye birika, nikaimwaga, nikaanza upya. Niliosha vikombe vilivyokuwa visafi. Nilitwanga hiliki, nikatafuta sukari mahali nilipojua haipo. Huku nyuma nasikia tawi linakatika, kimya, lingine linakatika, kisha jembe langu dogo likikwaruza changarawe. Maji yalichemka, nikayaacha yachemke.

Nilipotoka na sinia alikuwa amekaa barazani, mikono magotini, anatazama barabara. Jua la Igunga lilikuwa linachoma mawe, na yeye amefunga koti vifungo vyote mpaka shingoni. Kifua kimevimba upande mmoja. Udongo ulikuwa umemjaa mikononi, na uwanja mzima ulikuwa unanukia rozimari. Nikammiminia chai. Tukazungumza habari za mvua, habari za Mama, bei ya pamba.

Dereva akapiga honi. Nilimshika mkono mpaka kwenye lori, akapandishwa, akasogezewa nafasi kati ya magunia. Abiria wakaanza kugeuza shingo. Mama mmoja aliyekaa karibu naye akanusa, akanusa tena, akamwuliza, "Mzee, umebeba dawa gani?"

"Si dawa, mwanangu," akasema, akilishika koti kwa mikono miwili. "Ni mwenzangu. Likizo imekwisha, tunarudi kazini."